Maswali kwa Fundi: Usukani umekaa upande, kosa liko nyuma

Mwezi huu nimepokea barua tatu ambazo kwa juu juu hazifanani, ila zote zinahusu magurudumu ya nyuma ya magari ya zamani. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye gari anashuka nalo mlimani na mzigo, na jambo lake haliwezi kungoja.

Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III pikapu, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976, niliyoachiwa na marehemu baba. Nashushia viazi na kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo. Miezi michache iliyopita ilipiga shimo baya kwa gurudumu la nyuma kulia, ikiwa na mzigo. Tangu siku hiyo, nikitaka kwenda moja kwa moja lazima nishike usukani umegeukia kulia, na wanaonifuata nyuma wanasema gari linatembea kama kaa. Nimelipeleka alaimenti mara mbili. Usukani unanyooka siku chache, kisha unarudi palepale, na sasa matairi ya mbele yanalika haraka. Fundi mmoja kaniambia chasisi imepinda, niuze chuma chakavu. Mimi naona tairi la nyuma kulia limekaribia ukingo wa nyuma wa madigadi kuliko la kushoto. Je, ni kweli gari la mzee limekwisha? (Msomaji, Lushoto)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa. Usiuze kitu. Barua yako ina jambo moja ambalo huyo aliyekuambia chasisi imepinda angelisikiliza asingesema hivyo: usukani unanyooka, kisha unarudi. Chasisi iliyopinda haina tabia hiyo. Ikipinda imepinda, leo na kesho ni ileile. Kitu kinachorudi ni kitu ambacho bado kinatembea, na nyuma ya Land Rover yako kitu cha kwanza kuweza kutembea ni ekseli nzima juu ya springi zake.

Nikueleze kwanza kwa nini kosa la nyuma linaonekana kwenye usukani, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ekseli yako ya nyuma ni bomba moja lililonyooka, difu katikati, magurudumu kwenye ncha. Haina pa kugeuza gurudumu moja moja. Likirudi nyuma gurudumu la kulia, ekseli yote inakaa mshazari, na magurudumu yote mawili yanatazama kulia kidogo. Mkia wa gari unasukumwa kulia, pua inataka kwenda kushoto. Wewe dereva unajibu kwa kugeuza usukani kulia mpaka magurudumu ya mbele yawe sambamba na ya nyuma. Hapo gari linakwenda moja kwa moja, lakini bodi imekaa upande. Usukani wako umegeukia kulia, tairi la kulia limerudi nyuma, shimo lilipigwa kulia. Yote matatu yanasema jambo moja.

Na haihitaji kurudi sana. Gari lako lina takriban meta 1.3 kutoka tairi hadi tairi kwa upana, na inchi 109, yaani milimita 2769, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Upande mmoja ukirudi milimita 10 tu, mstari wa magurudumu ya nyuma ukiufuata hadi kwenye ekseli ya mbele unakuwa umekosa katikati ya gari kwa zaidi ya milimita 20. Upana wa kidole gumba. Mtu aliye nyuma yako barabarani anauona.

Sasa hao wa alaimenti. Kama walinyoosha usukani wako kwa kuzungusha ile tairodi ndefu inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, basi wamekuharibia kingine. Kwenye Series, tairodi hiyo kazi yake ni kupanga magurudumu ya mbele yatazamane kiasi gani, na kipimo cha kiwanda ni kuingia ndani milimita 1.2 hadi 2.4 basi. Mahali usukani unapokaa panarekebishwa kwenye fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani. Matairi yako ya mbele kulika haraka kunanifanya niamini tairodi imechezewa. Utairudisha kwenye kipimo chake, lakini mwisho wa kazi. Ukianza na mbele utairudia.

Kabla ya kuingia chini, ondoa mashaka mawili. Tia upepo sawa kushoto na kulia. Kisha tafuta barabara tambarare isiyo na magari, uliendeshe polepole, ulegeze mikono kidogo bila kuachia kabisa. Gari likishika njia huku usukani umegeuka, tatizo ni ekseli. Likivuta kwenda upande, badilisha matairi ya mbele kushoto kwa kulia ujaribu tena, na uguse ngoma za breki baada ya safari fupi uone kama moja ina joto kuliko nyingine. Breki inayoshika imewahi kuwapeleka watu wengi kwenye alaimenti bure.

Jaribio la pili ni la maji. Lowesha sehemu kavu ya saruji au lami, upana wa gari, kisha pitisha gari moja kwa moja juu ya maji na uendelee meta kumi au zaidi kwenye sehemu kavu. Shuka uangalie alama. Land Rover za Series zina upana uleule mbele na nyuma, kwa hiyo, kama matairi na rimu ni za aina moja, tairi la nyuma linatakiwa kukanyaga juu ya alama ya la mbele. Lako litaacha alama pembeni, upande wa kulia. Piga picha, itakusaidia kulinganisha baadaye.

Baada ya hapo ni kazi ya uzi na timazi. Mimi hapa Ngamiani sina mashine ya kompyuta, na kwa ekseli ya namna hii siihitaji. Unahitaji timazi la fundi mwashi, chaki, tepu ya chuma, mtu wa kukushikia ncha, na sakafu iliyo sawa. Gari lisiwe na mzigo na liwe limesimama kwa magurudumu yake manne. Usilipandishe jeki, maana springi ikining'inia vipimo vyote vinahama. Lisukume mbele meta mbili tatu kwa mkono kisha liache lisimame lenyewe, usilirudishe nyuma, ili bushi, ile mipira iliyo kwenye ncha za springi, zitulie upande mmoja.

Sasa lala chini. Springi ya nyuma ya Land Rover imefungwa kwa bolti kwenye chasisi ncha ya mbele, na ncha ya nyuma inaning'inia kwenye vipande viwili vya chuma vinavyocheza. Ncha ya mbele ndiyo inayoshikilia ekseli isiende mbele wala nyuma. Shusha timazi kutoka katikati ya bolti hiyo, kushoto na kulia, utie chaki sakafuni. Kisha shusha timazi kutoka kwenye bomba la ekseli, sehemu ileile kila upande. Mimi hutumia pale bomba linapokutana na sahani ya breki kwa sababu pana ukingo ulio wazi. Weka alama. Una nukta nne. Lisogeze gari pembeni upime kwa raha.

Pima urefu wa kulia, kutoka alama ya bolti hadi alama ya ekseli. Pima wa kushoto. Ukitofautiana zaidi ya milimita 3 au 4, ekseli imekaa mshazari, na umeshajua ni upande gani umehama. Kisha pima mishazari miwili, bolti ya kushoto hadi ekseli ya kulia, na bolti ya kulia hadi ekseli ya kushoto. Inaweza kutokea urefu wa pande ukawa sawa lakini mishazari ikatofautiana. Hiyo ina maana ekseli haikugeuka, imesogea pembeni nzima nzima. Hali hiyo huacha alama za maji zilizoachana lakini usukani unabaki karibu sawa, kwa hiyo sidhani ndiyo yako.

Usipime kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma ukaamini jibu hilo peke yake. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu ni rahisi, huhitaji kulala chini. Lakini Land Rover yako ina springi za pleti na mbele pia. Ukikuta tofauti, hujui ni ekseli ipi iliyohama.

Na chasisi? Ipime ili usiku upate kulala. Shusha timazi kutoka bolti za springi za mbele pia, kushoto na kulia, upige mishazari kutoka hapo hadi bolti za mbele za springi za nyuma. Ikilingana, chasisi iko sawa katika sehemu inayokuhusu, na aliyekuambia uuze umeshamjibu. Isipolingana, kabla ya kusema imepinda, kwangua kutu na matope kwenye ile mikono ya chasisi inayobeba springi. Land Rover za umri huo huoza hapo kuliko kupinda. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu na wakati mwingine nyundo inaingia. Mkono uliooza unakatwa na kuchomelewa mpya, na chasisi inaendelea na kazi.

Sasa tuje kwenye kile ninachotegemea utakikuta. Ekseli inakaa juu ya springi na kufungwa kwa yubolti, yaani bolti zenye umbo la U, mbili kila upande. Lakini yubolti hazikuwekwa kuizuia ekseli isiteleze; kazi yake ni kuibana. Kinachoizuia isiteleze ni kichwa cha senta bolti, ile bolti moja inayopita katikati ya pleti zote za springi. Kichwa hicho kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Yubolti zikilegea, ekseli inaanza kupiga senta bolti kila unapofunga breki na kila unapoingia shimoni. Siku moja inakatika. Baada ya hapo hakuna kinachoishika ekseli isipokuwa msuguano, nayo inatembea nyuma ukipiga shimo, na inasogea tena kila ukifunga breki au ukikanyaga mafuta kwa nguvu. Ndiyo maana alaimenti yako haidumu.

Alama zake ni hizi: chuma kinachong'aa pembeni ya kikalio cha springi mahali ambapo panatakiwa kuwa na matope makavu, unga mwekundu wa kutu kuzunguka yubolti, na pleti za springi zilizojipanga vibaya, moja imetokeza kuliko nyingine. Ziba magurudumu ya mbele kwa mawe, tia mtaimbo kati ya ekseli na chasisi, usukume. Ekseli haitakiwi kusogea juu ya springi hata kidogo. Ikisogea ukaona kwa macho, umelipata.

Kama kikalio kimetulia na hakuna dalili, angalia bushi ya ile ncha ya mbele. Ikiwa imekwisha, bolti inakaa kwenye tundu lililopanuka na springi nzima inarudi nyuma. Angalia pia pleti kuu, ile inayojikunja kuzunguka bolti, kama ina ufa karibu na mkunjo. Pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, ufute, uache dakika chache. Ufa unaonekana kama mstari uliolowa.

Kuna na jambo la springi zenyewe, na hili nakuomba umuulize aliyekuwa akimhudumia marehemu. Je, upande mmoja uliwahi kubadilishwa? Baadhi ya Land Rover hizi zilitoka kiwandani na springi ya upande wa dereva tofauti na ya abiria. Na springi nyingi za kuchongesha au za kuokoteza kwenye gari jingine hazina tundu la senta bolti katikati sawasawa. Nusu ya mbele na nusu ya nyuma zinapishana. Ukiifunga kinyume, ekseli inahama kiasi hicho hicho siku ileile. Hesabu pleti kila upande, pima nusu ya mbele ya kila springi. Zikitofautiana, nunua jozi. Springi moja mpya na moja ya zamani ni kujitafutia kazi nyingine.

Kurekebisha si kugumu. Senta bolti mpya yenye kichwa kinachoingia vizuri kwenye tundu bila kucheza. Yubolti mpya zote nne, za unene uleule, kwa sababu zilizokwisha kuvutika hazikazi tena hata ukizibana hadi jasho likutoke. Safisha kikalio hadi chuma. Tope na grisi katikati vitasagika na yubolti zitalegea tena. Kaza kwa kupishanisha, mbele kushoto kisha nyuma kulia, kidogo kidogo. Bolti za ncha za springi usizimalize kukaza gari likiwa juu ya stendi. Lishushe lisimame kwa uzito wake ndipo ukaze, la sivyo mpira wa bushi unabaki umejisokota na utakufa mapema. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudia kukaza yubolti. Wengi hawarudii. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya senta bolti kukatika hapa kwetu, na mimi nalisema kila mwaka kwenye safu hii.

Atakayekushauri achomelee ekseli kwenye springi ili isiteleze tena, mkimbie. Pleti ya springi ikishapata moto wa kuchomelea inapoteza ugumu wake na itakatika pembeni ya weldi, pengine ukiwa kwenye kona.

Ukishafunga, pima tena nukta zako nne. Rudia maji. Kisha hakikisha bomba la ekseli halikupinda kwenye shimo lile. Tia alama ya chaki mbele ya kila tairi la nyuma, kwenye urefu wa kitovu, pima kutoka alama hadi alama. Sukuma gari mpaka alama zilezile zifike nyuma, kwenye urefu uleule, pima tena. Kwenye ekseli ya bomba vipimo viwili vinatakiwa kulingana. Vikiachana milimita kadhaa, bomba limepinda, na hilo ni la karakana yenye mashine ya kunyooshea au kutafuta ekseli nyingine. Ukipita hapo salama, ndipo uende mbele: tairodi kwenye kipimo chake, kisha usukani uwekwe katikati.

Nakusihi sana jambo moja. Usishuke Mombo na mzigo mpaka umekagua yubolti. Ekseli ikirudi nyuma zaidi inavuta mpira wa breki, na barabara ile yenye kona mfululizo na bonde pembeni si mahali pa kukatikiwa na mpira wa breki. Kagua mpira huo leo, kabla ya kitu chochote.

Assalaam alaykum fundi. Mie nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1966. Makanika alifungua nyuma kubadilisha mipira ya tosheni baa. Aliporudisha, upande wa kushoto umesimama juu kuliko wa kulia, na tairi la kushoto linalika ubavu wa nje. Nikifika kilomita 80 kwa saa gari linatapatapa. Yeye anasema nibadilishe shokapu. (Msomaji, Mombasa)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Shokapu haziinui gari. Hapo tosheni baa, ile fimbo ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi, imerudishwa kwenye meno yasiyo yake.

Gari lako ni tofauti kabisa na la ndugu wa Lushoto. Nusu ekseli mbili zinaning'inia kutoka kwenye giaboksi na kupanda na kushuka kila moja kivyake. Bodi ikiwa juu, gurudumu linaingia miguu chini ya gari na kukanyaga kwa ubavu wa nje. Bodi ikiwa chini, gurudumu linalala upande wa pili na kulika ndani. Kwa hiyo kwenye Beetle urefu wa kusimama na mlalo wa tairi ni jambo moja. Huwezi kurekebisha kimoja ukaacha kingine, na hakuna skrubu ya kurekebishia.

Tosheni baa ina meno 40 ncha ya ndani na 44 ncha ya nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, jino moja la nje ni nyuzi 8 na kidogo. Ukizungusha ndani jino moja upande huu, na nje jino moja upande wa pili, unapata badiliko la chini ya nyuzi 1. Waliounda gari hili walifikiri vizuri sana. Ni njia ya kupanga kwa usahihi bila kipande cha ziada. Lakini anayekosea jino moja la nje peke yake anainua upande mmoja kwa sentimita kadhaa. Mwambie makanika wako apime pembe ya ile sahani ndefu ya chuma inayounganisha baa na ekseli, ikiwa haijabeba uzito, kulia kwanza, kisha ailinganishe ya kushoto nayo. Awe mwangalifu: sahani hiyo imekazwa na baa, na ikitoka kwenye kizuizi chake inashuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Jeki na mnyororo, na asiweke uso karibu.

Kutapatapa kuna uwezekano mkubwa wa kutoka kwingine. Bomba la ekseli limefungwa kwenye sahani hiyo kwa bolti zinazopita kwenye matundu marefu. Fundi makini hupiga alama ya patasi kati ya sahani na bomba kabla ya kufungua, ili arudishe palepale. Bomba likifungwa nyuma kuliko lilivyokuwa, tairi linatazama nje. Likifungwa mbele, linatazama ndani. Tairi la nyuma linalotazama nje hulifanya gari litafute njia kila upepo ukivuma. Tafuta alama ya zamani, hata ya kutu au rangi, muirudie. Kama hakuna, pimeni urefu kutoka kwenye mwili wa fremu hadi ngoma ya breki kila upande, kisha mkamilishe kwenye mashine inayosoma magurudumu manne. Kwa Beetle naikubali mashine hiyo, kwa sababu hapa kuna kitu cha kurekebisha.

Mpaka hapo, usiingie kona kwa kasi. Gurudumu la nyuma la ekseli hii ya kuning'inia (swing axle) likiwa tayari limeingia miguu ndani, kona kali hulikunja zaidi chini ya gari na mkia unaruka. Beetle ilishinda mashindano ya kwanza kabisa ya Safari mwaka 1953, ikarudia 1954, 1957 na 1962, barabara za vumbi na matope. Halina udhaifu likipangwa sawasawa.

Habari fundi? Datsun 1600 yangu saloon ya 1971 imewekwa kwenye mashine ya alaimenti hapa Nairobi. Nyuma inaonyesha nyekundu pande zote mbili, matairi yamelala kwa ndani. Jamaa wa mashine anasema nyuma haiwezi kurekebishwa. Ananidanganya? (Msomaji, Nairobi)

Njema kabisa, na hakudanganyi. Datsun 1600 saloon, ile inayojulikana pia kama 510, ina mikono ya nyuma inayojitegemea kila upande, na kiwanda hakikuweka mahali pa kurekebisha. Alichokosea ni kuishia hapo. Isiporekebishika na imetoka nje ya kipimo, kuna kitu kimechoka au kimepinda.

Pande zote mbili zikilala ndani kwa kiasi kinachokaribiana, mtuhumiwa wa kwanza ni springi zilizolegea kwa umri. Gari likikaa chini, mikono inapanda na magurudumu yanalala. Waweke watu watatu wazito siti ya nyuma uangalie: kama bila mtu gari linakaa kama vile limebeba, umeshajua. Baada ya springi, kagua bushi za mikono, nne jumla, na mipira inayoshikilia difu na fremu yake ndogo kwenye bodi. Hapo tia mtaimbo kama nilivyomwelekeza msomaji wa Lushoto.

Usikubali kukatiwa matundu kwenye vishikio ili tairi livutwe nje kabla hujabadilisha vitu hivyo. Wenye magari ya mashindano hufanya hivyo kwa sababu zao. Gari lako ni ndugu wa lile Edgar Herrmann alilolishindia Safari mwaka 1970, na linastahili springi zake.

Ukishazifunga, liendeshe wiki moja springi zikae, ndipo urudi kwenye mashine. Kama bado tairi moja limelala kuliko la pili, niandikie vipimo vya pande zote mbili, pamoja na urefu kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu na tangi la mafuta limejaa nusu.